Mpunga Uliogeuzwa Mara Mbili

Mguu wangu wa kulia siku hizi unajua mvua kabla ya redio. Ukianza kuuma pale chini ya goti, namwambia mke wangu atoe nguo kambani, naye anazitoa bila hata kutazama mawingu. Hiyo ndiyo faida pekee niliyopewa na yule mwenye pikapu nyeupe. Jina lake sitalitaja, maana nikilitaja watu wataanza kujadili ukoo wake badala ya kosa lake. Lakini aliyekosa ni yeye, na nyuma yake wapo wengine wawili, na kila mmoja nitampa mzigo wake. Wiki sita niliitwa mkosaji nikanyamaza. Shule yangu iliishia darasa la nne, ila haya nimeyaandika mwenyewe kwa mkono wangu.

Kwanza niwaeleze ile njia. Walikuwa wanatengeneza kalvati nje kidogo ya mji, ukitoka Ifakara kwenda upande wa Sanje. Magari yakawa yanapita kwa zamu, upande mmoja unasubiri mwingine upite, na foleni ikawa ndefu ambayo sisi watu wa bondeni hatukuizoea. Mabasi ya asubuhi yakachelewa, abiria wakapiga kelele. Basi mkandarasi akaongeza njia nyembamba pembeni, kushoto kabisa kwa anayetoka mjini, akaitenga kwa koni, akasimika kibao. Mabasi tu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu asubuhi. Baada ya hapo kila chombo kinapita. Hata mimi wa darasa la nne nilikielewa kile kibao, na kila siku ikifika saa tatu alikuja kijana wa mkandarasi mwenye kizibao cha njano akaziokota koni moja moja, akazibeba begani kama mtu aliyetoka kuvuna maboga.

Sasa, wapo watu waliokuwa wanamsubiri huyo kijana kuliko hata sisi wa bajaji. Akina mama wa mpunga. Pale kando ya njia kuna mashine ya kukoboa, na kama mnavyojua mpunga wenye unyevu ukiukoboa unapata chenga tupu. Lazima uanikwe, na hakuna uwanja unaoanika vizuri kama lami ya kiangazi. Akina mama walikaa na magunia yao kwenye majani tangu umande, turubai zimekunjwa, wakitazama koni. Hakuna aliyethubutu kutandika kabla ya koni ya mwisho kuondoka, maana basi halina huruma na chakula cha mtu. Koni ikitoka, turubai zinatandikwa ukingoni, nje ya mstari mweupe, sisi tunabaki na nafasi ya kupita.

Na mpunga ukishaanikwa hauachwi tu. Mwenye nao anavua kandambili, anatembea juu yake peku akiburuta nyayo, polepole, unabaki na mistari kama matuta madogo. Mara ya kwanza mistari inafuata barabara. Ukikaa kidogo ukapata joto, anaugeuza mara ya pili, safari hii anakatisha, mistari inalala kukingama. Huo mguu unaoukanyaga ni wa mwenye mpunga peke yake. Mtu mwingine yeyote akiukanyaga, hata kama ni kwa bahati mbaya, hata kama ni mkubwa wa kazi gani, anaomba radhi palepale. Chakula si mchanga. Nimekuzwa hivyo na mama yangu, na fimbo yake naikumbuka.

Siku yenyewe nilikuwa mtupu, sina abiria. Mteja wangu wa ndizi alikuwa ameshushwa upande wa pili wa kalvati kwa sababu lori lililomleta kutoka Sanje lilichoka kusubiri zamu. Akanipigia nimfuate. Saa kwenye simu yangu ilisema saa tatu na dakika arobaini, niliitazama wakati nakata simu. Koni hazikuwepo. Nikaingia njia ya pembeni, foleni imesimama kulia kwangu, mafuso na malori yamezimwa injini, madereva wengine wamelala miguu ikiwa dirishani.

Mbele ya geti la mashine dereva mmoja wa fuso alikuwa ameacha pengo. Hapo hakukosea, ni ustaarabu kuacha geti wazi. Kosa lake ni hili: pikapu nyeupe ilikuja kutoka ng'ambo ya kalvati, ikataka kukata foleni iingie getini kwenye mashine, naye dereva wa fuso akatoa mkono dirishani akampungia, pita. Alimpungia bila kutazama kioo chake cha kushoto. Angetazama angeniona. Mkono wake haukuwa taa ya barabarani, ulikuwa mkono wa mtu aliyechoka kukaa. Na mwenye pikapu akauamini mkono kuliko macho yake mwenyewe.

Niliona bonge jeupe linatokea kwenye pengo. Nilikamata breki. Bampa lake lilinipiga upande wa kulia, bajaji ikalala, mimi nikaruka kushoto nikaangukia kwenye kitu laini chenye joto. Nilidhani nimekufa, kwa sababu ya ule ulaini. Kumbe ni mpunga. Tairi la mbele la pikapu nalo likaja likapanda turubai, likasimama hatua mbili kutoka kichwani kwangu.

Nikafungua macho nikaona miguu peku ya mama mtu mzima, imepakaa vumbi la makapi. Mwenye mpunga. Na mimi nimelala juu ya chakula chake, damu inachuruzika humo. Maumivu yalikuwa hayajafika bado. Kilichonijia mdomoni ni malezi tu. Nikasema, "Nisamehe sana mama. Nisamehe, nimekosa."

Maneno hayo matano au sita yalinigharimu wiki sita. Maana mwenye pikapu alikuwa ameshashuka, amesimama nyuma ya yule mama, funguo mkononi, na watu wameshaanza kujaa. Akageuka kwao akasema kwa sauti ya mtu anayeuza mnadani, "Jamani mmesikia wenyewe. Anakubali. Anaomba msamaha. Yuko kwenye njia ya basi, saa za basi."

Nilitaka kusema si wewe ninayekuomba. Hapo ndipo maumivu yalipofika, nikashindwa.

Trafiki aliyekuja alikuwa mama, afande mwenye miwani, akapima kwa futi, akapiga picha kwa simu yake, akachora ramani. Nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nikapelekwa hospitali. Mfupa ulivunjika mahali pawili, wakanifunga hogo, ile plasta ngumu, kuanzia pajani hadi kwenye vidole. Nesi aliyenisafisha alikuwa anatoa punje za mpunga kwenye kidonda kwa kikoleo, anaziweka kwenye sahani ya chuma, zinalia moja moja.

"Baba, wewe ulikuwa unaendesha au ulikuwa unapanda?" akaniuliza.

"Nilikuwa napita tu, mwanangu."

"Basi tukikuacha hapa mpaka masika utaota."

Nilicheka, na kicheko kikauma. Huyo nesi simdai kitu.

Ninayemdai ni mwenyekiti wa kijiwe chetu cha bajaji pale Mlabani. Alikuja siku ya tatu na machungwa kwenye mfuko wa plastiki, akakaa kitandani kwenye miguu yangu kama shemeji.

"Kaka, hili jambo lisiwe refu," akasema. "Wewe kubali. Sema uliingia saa za basi, ulikuwa na haraka, yaishe."

"Lakini saa tatu ilikuwa imepita."

"Imepita, haijapita, nani ana ushahidi? Tukianza kubishana watafunga ile njia kwa bajaji zote moja kwa moja. Fikiria wenzako."

"Simu yangu iliniambia saa tatu na dakika arobaini."

"Simu yako iko wapi?"

Simu yangu ilikuwa vipande vipande. Na kijana wa koni alikuwa ameshahamishiwa kazi nyingine huko mbali, njia ya Uchindile. Baadaye nikajua kuwa kabla hajaja kwangu na hayo machungwa, mwenyekiti alikuwa ameshapita kituoni kusema kwamba mimi nafahamika, sina subira barabarani. Miaka tisa nipo kijiweni kwake sijawahi kugusa hata kuku. Machungwa yenyewe yalikuwa machachu.

Mwenye pikapu akaandikisha kwamba ajali ilitokea saa tatu kasorobo, na kwamba niliomba msamaha mbele za watu. Nilifika hospitali saa nne na nusu. Yeye akasema nililala pale chini muda mrefu kwa kukosa gari la kunibeba. Gari la kunibeba lilikosekana kweli kwa dakika chache, kwa sababu la kwake lenye nafasi nyuma alikataa lisichafuke. Hilo hakuliandikisha.

Kwa hiyo mambo yalisimama hivi. Nikikutwa na kosa, leseni inakwenda, bajaji inabaki inaota kutu kwenye uwanja wa polisi, na pikapu yake nitaitengeneza mimi. Lakini nitawaambia ukweli, hayo siyo yaliyokuwa yananikosesha raha. Ni swali la mke wangu. Aliliuliza mara moja tu, anakamua nguo, mgongo wake kwangu.

"Lakini ulifuata nini kwenye njia ya basi?"

Nikamweleza kibao, nikamweleza koni. Akasema sawa. Ile sawa yake niliifahamu. Ni sawa anayomwambia mtoto aliyesema kikombe kimevunjika chenyewe. Baada ya hapo nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Naamka najiuliza, kweli nilitazama saa? Kweli koni hazikuwepo? Mtu akiambiwa na watu watatu kuwa amekosa, anaanza kuitafuta njia ya kukubaliana nao ili apumzike. Nilikaribia kabisa kukubali. Ilibaki siku moja au mbili nimwite mwenyekiti nimwambie andika unavyotaka.

Kabla sijamwita nikaitwa kituoni. Nilikwenda na magongo, mke wangu nyuma yangu kanishikia mfuko wa picha za mfupa. Mwenye pikapu alikuwa ameshafika, shati limepigwa pasi. Mwenyekiti yuko pembeni yake, wanaongea kama watu waliokunywa chai pamoja. Na kwenye benchi la ukutani, kajifunga khanga mbili, amekaa yule mama wa mpunga.

Nikajua huyu naye amekuja kudai. Nilimharibia chakula, ana haki. Nikasema, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba," basi, hakuniuliza hata mguu. Nikakaa nikiwaza kwamba sasa wamekuwa wanne.

Afande mwenye miwani alikuwa na kitabu kikubwa cha kaunta. Akaeleza kwamba alikuwa anapitia taarifa za siku ile, akakuta kuna malalamiko yaliyoandikishwa mchana wa siku hiyohiyo na mtu ambaye hakuna aliyemwambia habari zake.

"Mama," akamwambia, "uliandikisha hapa kuwa umeharibiwa mpunga. Ulikuwa na hali gani huo mpunga?"

"Ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimeshaugeuza mara mbili. Nilisema hivyo kwa kijana aliyekuwa anaandika, kama hakuandika shauri yake."

"Ameandika. Nani aliuharibu?"

"Gari. Huyu wa bajaji yeye alilala tu."

Askari wa kaunta akacheka, akajifanya anakohoa.

"Alilala," mama akaendelea, "akaniomba radhi vizuri. Damu tunaosha. Lakini tairi lilisaga mpunga na turubai ikachanika, na mwenye tairi hajaniomba mpaka leo. Ndiyo maana nilikuja kushtaki. Sikuja kwa ajili ya ajali, ajali si yangu."

Mwenye pikapu akasogea. "Mama, samahani, hapo umechanganya. Yule alikuwa ananiomba mimi msamaha. Watu wote walisikia."

Mama akamtazama kuanzia viatuni. "Akuombe wewe, kwani alikuwa amekukanyaga wewe? Alikuwa juu ya mpunga wangu. Aliniita mama. Wewe ni mama?"

Hapo hata mke wangu nilimsikia anapumua.

Afande akauliza, "Ilikuwa saa ngapi, mama?"

"Mimi sina saa."

Mwenye pikapu akatabasamu. Niliona lile tabasamu, na nitalikumbuka hata nikisahau jina langu. Lakini afande hakutabasamu. Nadhani ni mtoto wa mkulima, maana alitoa simu yake, akaanza kutafuta picha alizopiga siku ile. Akaipata moja, akaikuza kwa vidole, akamsogezea mama.

"Hii mistari hii."

"Ndiyo, hiyo ya kukingama. Ya pili hiyo. Na hapa tairi limeikata."

"Mistari ya pili unaipiga muda gani tangu uanike?"

"Mpaka upate joto. Na kuanika kwenyewe tunaanika koni zikishaondoka. Afande, nani atamwaga chakula cha watoto wake mbele ya basi?"

Afande akageuza simu ili sote tuone. Nami kwa mara ya kwanza nikapaona mahali nilipoangukia. Mpunga umetandazwa vizuri, una mistari ya kwenda na barabara inayoonekana kwa mbali, na juu yake mistari ya kukingama, mipya. Katikati kuna shimo lenye umbo la mtu. Pembeni kuna alama ya tairi. Hakuna koni popote. Mpunga ulioanikwa baada ya saa tatu, ukapata joto, ukageuzwa, ukapata joto tena, ukageuzwa. Hiyo picha afande alikuwa nayo kwenye simu yake wiki sita zote, na hakuna aliyeisoma mpaka mwenye mpunga alipokuja.

"Saa tatu kasorobo ulisema," afande akamwambia mwenye pikapu.

"Nilikadiria tu, afande."

"Hukukadiria. Uliandikisha na ukasaini." Akafunga kitabu. "Saa zikipita, ile ni njia kama njia nyingine, na aliyeko ndani yake yuko kwenye haki yake. Wewe ndiye uliyekuwa unakata. Anayekata njia ya mwenzake ndiye anayetazama. Ukipungiwa mkono, ule mkono haukuondolei kutazama."

Kisha akanigeukia, nami nikadhani nitapongezwa. "Na wewe baba. Kuruhusiwa kupita si kuruhusiwa kukimbia. Alama zako za breki nimezipima. Ukiwa unaambaa na foleni iliyosimama, ujue mtu anaweza kuchomoza popote."

"Ndiyo, afande," nikasema. Na hilo nalikubali, sitaki kuwadanganya. Nilikuwa nakwenda kasi kidogo kuliko inavyofaa. Sehemu yangu naibeba, si nzito, natembea nayo. Ila kosa lenyewe lilikwenda kwa mwenyewe. Leseni yangu nikarudishiwa siku ileile, bima yake ikaitengeneza bajaji, naye akaagizwa ampe mama mpunga mwingine na turubai mpya. Mwenyekiti wa kijiwe aliondoka bila kuaga. Alipopita nikamwambia machungwa yake yalikuwa machachu.

Nje nilimkuta mama anajifunga khanga vizuri aondoke. Nikajikokota na magongo nikamshika mkono kwa mikono miwili.

"Ahsante mama. Umeniokoa."

"Nimekuokoa wapi? Nilifuata mpunga wangu." Halafu akautazama ule mguu, mara ya kwanza. "Pole lakini. Unakula dagaa? Kula dagaa, mfupa ushike."

Akaenda zake. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya kituo, magongo nikayalaza chini. Mke wangu akakaa pembeni.

"Sasa niulize tena," nikamwambia. "Niulize nilifuata nini kwenye njia ya basi."

"Ulifuata ndizi," akasema. Akachukua picha zangu za mfupa akazipanga vizuri kwenye mfuko, na nilimwona anafuta uso kwa pindo la khanga. Siku ile nililala kuanzia jioni mpaka asubuhi bila kuota kitu, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya tangu ajali.

Kalvati bado halijaisha na kibao kipo palepale. Juzi nilipita pale, saa nne inakaribia, koni zimetolewa, turubai zimetandikwa. Nilikwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Kwenye pengo la geti nikaona bonge jeupe, bampa jipya. Dereva wa fuso, sijui kama ni yuleyule, wote mikono yao inafanana, akampungia, pita. Pikapu haikupita. Mwenyewe alishusha kioo, akatoa kichwa chote nje, akatazama upande wangu, akaniona, akabaki pale amesimama. Mimi nikapita mbele yake taratibu kabisa. Sikumsalimia. Sijafika huko bado.

Mama alikuwa peku juu ya mpunga wake, anakatisha.

"Leo unapita au unalala?" akanipigia kelele.

"Napita, mama."

"Haya pita. Leo sijakutandikia."